Houston: mkataba wa majirani, wakili wa jiji

Houston ndilo jiji kubwa kuliko yote Marekani lisilo na sheria ya kutenga maeneo ya makazi, biashara na viwanda. Wapigakura waliulizwa mwaka 1948, 1962 na 1993. Mara zote wakakataa. Hata hivyo, ukinunua nyumba River Oaks, mtaa wa kifahari jijini humo, usidhani utafungua gereji uani. Hati ya nyumba inakuja na masharti aliyoyaweka aliyekata viwanja: matumizi ni makazi tu, nyumba ikae umbali fulani kutoka barabarani, kiwanja kisipungue ukubwa fulani.

Kwingine huo ungebaki ugomvi wa majirani. Houston, tangu 1965, sheria ya Texas inaliruhusu jiji lenyewe kumshtaki anayevunja masharti hayo. Watetezi wa utaratibu huu wana hoja. Masharti mengi yana muda wake, na wenye nyumba wanaweza kuyahuisha, kuyabadili au kuyaacha yafe bila kumbembeleza diwani. Zaidi ya hapo, kesi ni ghali. Bila wakili wa jiji, masharti yangewafaa matajiri peke yao, na kwa hili sina ubishi nao.

Kinachonitatiza ni mtaa ambao masharti yake yamekwisha muda na hakuna aliyepita mlango kwa mlango kukusanya sahihi za kuyahuisha, au ambao haukuwa nayo kamwe. Huko wakili wa jiji hana cha kusimamia. Utafiti wa Profesa Robert Bullard mwaka 1979 ulikuta madampo yote 5 yaliyomilikiwa na jiji yako kwenye mitaa ya watu weusi, ilhali weusi walikuwa kama robo tu ya wakazi. (Hapo, tena, mkosaji ni jiji lenyewe.)

Na masharti haya hayajawahi kuwa mambo ya faragha tupu. Hati nyingi za zamani zilimzuia mtu mweusi kununua. Mwaka huohuo wa 1948, katika kesi ya Shelley v. Kraemer, Mahakama ya Juu ya Marekani ilisema mahakama ikitekeleza sharti la namna hiyo, basi ni dola inayobagua. Kwa mantiki hiyo, jiji linapotumia kodi kutekeleza mkataba, nao umekuwa sheria ya umma ambayo umma haukuipigia kura.

Jiji limejaribu kuziba pengo: wakazi wanaweza kuomba kima cha chini cha ukubwa wa kiwanja hata kama hati zao ziko kimya. Lakini hilo linazuia viwanja kukatwakatwa tu. Halizuii kiwanda cha zege kuhamia ng'ambo ya barabara.