Jani la Isale kwenye Ukurasa wa 31

Mimi ni mtu wa Tanga, na kwa miaka minne niliyofanya kazi ya uhasibu mjini Moshi nilikuwa nikiwatambia wenyeji kwamba hata jina la mji wao limeletwa na sisi. Hoja yangu ilikuwa nyepesi: reli ilianzia Tanga, gari moshi likafika huku mwaka 1911, watu wakauona moshi, mji ukapata jina. Hoja hiyo niliisimulia kwenye vikao vya harusi, kwenye foleni ya benki, na mara moja msibani, mpaka mzee mmoja wa Old Moshi aliponiuliza kwa upole kama Mangi Rindi, aliyefariki mwaka 1891, alikuwa akitawala nchi isiyo na jina miaka yote ile akisubiri treni yetu. Sikuwa na jibu. Kesho yake nilinunua kaunta buku.

Nia yangu ilikuwa kuandika asili ya majina ya mahali kwa utaratibu, jina moja ukurasa mmoja, ili nisiaibike tena hadharani. Ukurasa wa kwanza niliupa Kilimanjaro yenyewe, na hapo hapo nikapata aibu ya pili, kwa kuwa ni lugha yetu ya pwani inayoiita "kilima" kitu chenye urefu wa mita 5,895. Wapo Wachagga wanaosema kwamba neno hilo si la pwani hata kidogo, bali ni "kilema kyaro", yaani kile kinachoishinda safari, na kwamba wageni walilisikia vibaya wakalipeleka nyumbani likiwa limevunjika. Mimi ningependa kuitetea pwani, lakini nikikumbuka kwamba kiongozi wa safari wa mmisionari Rebmann, mwaka 1848, alipoulizwa kile cheupe kilichoko kileleni ni nini alijibu tu kuwa ni baridi, naona hatukuwa watu wa kujisumbua na maelezo marefu.

Kurasa nyingine zilijaa bila taabu. Niliandika jinsi Mawenzi alivyozoea kwenda kwa Kibo, kilele mwenzake, kuomba moto mpaka Kibo akachoka, akamtandika, na ndiyo maana kichwa cha Mawenzi kimechongoka hadi leo. Niliandika habari za maporomoko ya Kinukamori kule Marangu, ambako husimuliwa kisa cha msichana Makinuka aliyepata mimba kabla ya kuolewa, akaenda kujitupa, akaghairi, na alipogeuka ili arudi nyumbani akakutana na chui, akaruka kwa hofu akaangukia pale pale alipokuwa amekataa kuangukia. Kwa ajili ya kisa hiki sikulala vizuri kwa siku mbili. Upande wa Arusha kazi ilikuwa rahisi zaidi, kwa sababu Wamaasai huita mahali kwa kile ambacho jicho linakiona: ngare ni maji, kwa hiyo Ngarenanyuki ni maji mekundu, na mambo yameisha, hakuna wa kugombana naye. Hata Unga Limited imebaki na jina la kiwanda cha unga, ingawa naamini baada ya miaka mia atatokea mzee wa kusimulia zimwi lililokuwa likila unga.

Huku mlimani ndiko nilikokuja kugundua kuwa jina si la maji wala la jiwe. Mara nyingi jina ni la babu wa mtu, na babu huyo ana wajukuu, na wajukuu hao wana kihamba, yaani shamba la migomba la ukoo.

Ukurasa wa 14, ambao naomba msomaji aukumbuke, nilikuwa nimeandika kwa mkono wangu mwenyewe habari za isale. Huo ni mmea wa majani marefu ya kijani ambao Wachagga huuotesha kwenye mipaka ya vihamba, na ambao jani lake, likichukuliwa na kupelekwa kwa mtu uliyemkosea, huwa ni ombi la msamaha, na anayepelekewa huona vigumu mno kulikataa. Chini yake nilipiga mistari miwili kwa kalamu nyekundu na kuongeza maneno haya: "Jambo muhimu sana, lisisahaulike."

Jumamosi moja ya mvua za masika, mwenzangu wa ofisini alinielekeza kwa mzee wa kitongoji kimoja juu ya Kilema. Kitongoji chenyewe sitakitaja, kwa sababu ambayo itaonekana. Aliniambia kwamba jina la kitongoji kile limetokana na Irimu, zimwi la hadithi za Kichagga, na kwamba mzee huyo ndiye anayekijua kisa chote. Alinipa hata nauli ya pikipiki, kwa kuwa mwisho wa mwezi ulikuwa mbali. Nilishuka kwenye basi dogo, nikapanda bodaboda mpaka barabara ilipokataa, kisha nikapanda kwa miguu kando ya mfereji wa asili, ule ambao wenyeji huuita mfongo, maji yakikimbia kwa kelele ndogo chini ya migomba na mimi nikiteleza kila hatua ya tatu kwa viatu vya ofisini. Karibu na mji wa mzee palikuwa na safu ya masale iliyopandwa vizuri. Nilifungua kaunta buku kwenye ukurasa wa 31 ili niandike tarehe, upepo ukataka kuufunga, nami nikanyoosha mkono nikachuma jani moja la kuwekea alama.

Basi nikaingia uani nikiwa nimelishika lile jani mbele yangu kama mshumaa.

Mama mmoja alikuwa ameketi mlangoni akimenya ndizi. Aliniona, akaliona jani, kisu kikamponyoka kikatumbukia kwenye beseni. Aliita ndani mara mbili kwa sauti ambayo niliichukua kuwa ni ya ukarimu. Mzee akatoka, mrefu, amevaa koti zito, akanitazama mikononi kuliko usoni, kisha taratibu akavua kofia yake. Nikajisemea kwamba watu wa mlimani wanathamini utafiti kuliko watu wa mjini.

"Shimbonyi, meku," nilimwamkia, kwa kuwa ndicho Kichagga nilichokuwa nacho.

Hakujibu salamu. "Amekutuma mwenyewe?"

"Amenituma mwenyewe, mzee."

"Kwa mdomo wake?"

"Kwa mdomo wake, jana jioni. Hata nauli amenipa yeye."

Mzee alimtazama mkewe. "Na haya maneno ya zamani, anasemaje?"

"Anasema hakuna anayeujua ukweli wake kama wewe. Anasema wengine wote wanababaisha."

Machozi yalimtoka mzee yule. Nami nikasisimka, maana kwa miezi mitano nilikuwa nikisikilizwa na wazee kwa kuvumiliwa tu, na sasa nimempata mmoja anayelia kwa ajili ya isimu. Nilishikwa mkono nikakalishwa kwenye kiti chenye mto. Mama alipiga kigelegele kimoja kirefu kilichovuka migomba na kwenda ng'ambo ya mfongo, na baada ya muda mfupi uani pakajaa watu, wengine wakiwa na majembe, kila mmoja akinishika mkono na kulitazama jani nililokuwa nimeliweka juu ya daftari. Ililetwa mbege kwenye kata, ile pombe ya ndizi na ulezi ambayo mtu wa pwani huiona kama uji uliokasirika, nami nikanywa kwa heshima ya kazi.

Kisha mzee akasimulia, na kwa kweli alisimulia vizuri. Irimu alikuwa akikaa pale juu kwenye mwamba, akila mbuzi wa watu, mpaka babu yake mzee huyo alipomfukuza kwa moto usiku kucha, kutoka mwambani mpaka kwenye mfongo, na pale Irimu alipovuka maji ndipo babu alipochomeka isale la kwanza. Nilimwomba arudie sehemu ya mwamba. Alirudia sehemu ya isale. Niliuliza Irimu alikuwa na mikono mingapi, naye akanijibu kwamba kutoka lile isale mpaka kwenye mti wa parachichi ni hatua arobaini na mbili. Niliandika yote kwa uaminifu, na nikapendezwa hasa na hizo hatua, kwa sababu si kila hadithi ya zimwi huja na vipimo. Mjukuu wake alipoomba niweke sahihi yangu mwisho wa ukurasa, niliweka, na tarehe, na kwa mazoea ya kazi nikaongeza cheo changu.

Hapo ndipo mdogo wake mzee alipofika kutoka ng'ambo ya ile safu ya masale, akiwa amevaa buti za mpira na ameshika panga la kukatia majani ya ng'ombe, si kwa ubaya, bali ndivyo kigelegele kilivyomkuta. Watu wakanyamaza. Baadaye nilikuja kuambiwa kwamba ndugu hao wawili walikuwa hawajasemezana kwa miaka tisa.

"Nimesikia nimeomba msamaha," alisema. "Nimekuja nijue nimeombaje."

Mzee akaninyooshea kidole kama mtu anayetoa risiti. Mdogo mtu akataka asomewe daftari, mjukuu akasoma kwa sauti, na alipofika kwenye hatua arobaini na mbili yule bwana akacheka kicheko kisichokuwa na furaha ndani yake. Alisema kwamba babu hakumfukuza Irimu yeyote, kwani usiku ule babu alikuwa amejificha kwenye dari la ng'ombe. Aliyemshinda Irimu, kwa maelezo yake, alikuwa bibi, kwa hila, tena upande wa chini wa mfongo, na yale masale yalioteshwa baadaye sana na mtu ambaye hatamtaja kwa kuwa ameketi pale na amevua kofia. Nilifungua ukurasa wa 32. Naapa nilikuwa na nia njema, kwani kisa chenye matoleo mawili ni hazina, lakini nilipomuuliza yule bwana kama angependa kuweka vipimo vya upande wake, umati uliguna kwa pamoja.

Mwenyekiti wa kitongoji aliitwa. Alikuwa mama wa makamo, muhuri wake ameuweka ndani ya kikopo cha siagi usilowane na mvua, na hakuuliza habari za Irimu hata kidogo.

"Kijana, nani alikutuma?"

Nikamtaja mwenzangu wa ofisini.

"Siyo huyu?" Akamwonyesha mdogo mtu.

"Huyu ndiyo kwanza namwona, mama."

"Na hilo jani?"

Ndipo nilipolitazama jani. Lilikuwa limelala juu ya kaunta buku, bichi, ncha yake ikimwelekea mzee, na kwa muda ambao sikuweza kuupima nikauona ukurasa wa 14 na mistari yake miwili myekundu. Nilifungua kinywa kueleza kwamba lilikuwa la kuwekea alama. Nikasikia sentensi hiyo ilivyo kabla haijatoka, nikaifunga tena.

Mwenyekiti alifikiri. Kisha alitoa hukumu ambayo mpaka leo sijapata mwanasheria wa kuipinga: jani la isale likishaletwa uani mbele ya watu haliwezi kuondoka hivi hivi, lazima awepo anayeomba msamaha, na kwa kuwa katika ndugu hawa wawili hakuna aliyelileta, anayeomba ni yule aliyelishika. Niliambiwa nimwombe msamaha mzee, kwa kumdanganya, na mdogo wake, kwa kumwombea msamaha bila idhini yake. Niliomba. Halafu niliambiwa kwamba msamaha mkavu haumezeki, nikatoa fedha ya ndoo mbili za mbege, fedha ambayo ndani yake ilikuwamo nauli ya kurudi.

Kwa vile pale uani palikuwa na benchi moja tu, ndugu wale waliketi juu yake, mmoja mwisho huku, mwingine mwisho kule, mimi katikati nikiwa na kata. Hawakusemezana. Walisemezana kupitia kwangu. Mkubwa aliniambia niwaulize watu wa Tanga kama kwao hakuna mipaka, na mdogo akaniambia nimjibu aliyeuliza kwamba kwao mpaka ni bahari, nayo haichumwi majani. Nilikuwa wa kwanza kucheka, na mkubwa akacheka, na mdogo akanywa haraka ili asionekane. Ukurasa wa 31 mwenyekiti aliuchana kwa uangalifu akaukunja ndani ya kikopo pamoja na muhuri, akisema kwamba wenye sahihi yangu na cheo changu usingefaa kutembea ovyo. Jani alinirudishia. Lilikuwa langu, alisema, kwa kuwa nimelilipia.

Nilishuka mlima kwa miguu hadi barabarani, nikasafiri kwa mkopo wa kondakta aliyenihurumia kwa hali ya suruali yangu.

Jumatatu niliingia ofisini na kaunta buku kwapani ili nimwonyeshe mwenzangu alichonifanyia, lakini kabla sijamfikia nikaitwa na bosi, mtu wa Kibosho, asiyependa maneno mengi. Niliingia, nikaliweka daftari mezani kwake ili nimkabidhi hesabu za mwezi. Hakuzigusa. Alitazama ncha ya jani la kijani iliyochungulia kati ya kurasa, akavua miwani, akaegemea kiti.

"Haya," alisema. "Sema umeharibu nini."