Huruma ya kiongozi inalipiwa na nani?

Barua ya mfanyakazi wangu mmoja ya kuacha kazi ilikuwa na mistari minne, na ulionichoma ni wa tatu: "Sikulalamika kwa sababu ningeonekana sina utu." Wakati huo nilikuwa nasimamia kitengo cha watu wanane. Mwenzake mmoja alikuwa akimuuguza mama yake, nami nikamwondoa kwenye zamu za usiku, bila kikomo na bila kumuuliza mtu yeyote. Nilijiona msimamizi mwema kweli kweli. Lakini zamu zile hazikufutika. Ziliwaangukia wengine saba, na kwa kuwa mwandishi wa barua hii hakuwa mtu wa maneno mengi, nyingi zilimwangukia yeye. Miezi minne mfululizo.

Tangu hapo, kila nikisikia wito wa kuongoza watu kwa huruma, na siku hizi wito huo hauna mahali usipofika, swali langu ni hilo moja la bili. Inakwenda kwa nani?

Siulizi kwa kuubeza. Wanaoutetea wana hoja nzito, ingawa wengi wao huanza na ile nyepesi, kwamba watu humpenda bosi mpole. Hoja nzito inahusu habari. Kiongozi mkali habari mbaya humfikia zikiwa zimeshaoza. Miaka ya 1990, Amy Edmondson, akiwa mwanafunzi wa uzamivu Harvard, alichunguza makosa ya utoaji dawa hospitalini. Alitarajia kukuta timu zenye maelewano na uongozi mzuri zikikosea kidogo kuliko nyingine. Takwimu zikaja kichwa chini miguu juu: timu hizo ndizo zilizoonekana kukosea zaidi. Alipochimba zaidi akaona tofauti ilikuwa kwenye kusema. Palipokuwa na msimamizi anayesikiliza, kosa lilitajwa na kuandikwa. Palipokuwa na mkali, lilifunikwa. Muuguzi aliyekosea dozi akijua atadhalilishwa mbele ya wenzake ana kila sababu ya kunyamaza, na atakayelipia ukimya wake ni mgonjwa wa kesho. Kwa hiyo ukali nao una bili yake, na haiendi kwa mkali.

Kwenye mjadala huu methali zetu zenyewe zinagombana. Upande mmoja, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake: usimhukumu mtu kabla hujajiweka mahali pake. Upande wa pili, mchelea mwana kulia hulia yeye. Wapinzani wa uongozi wa huruma husimama na hii ya pili, lakini mimi nadhani imewapunja. Ingekuwa nafuu kama mchelea angelia yeye. Kazini mchelea hupongezwa, wanaolia ni wengine.

Hoja yao bora zaidi, kwa maoni yangu, ilitoka maabara. Mwaka 1995 mwanasaikolojia Daniel Batson na wenzake waliwaeleza washiriki habari za msichana wa miaka 10, Sheri, mgonjwa asiye na matumaini ya kupona, aliyekuwa kwenye foleni ya kupata huduma ya kumfanya aishi siku zake kwa nafuu. Msichana mwenyewe alikuwa wa kubuni, ila washiriki hawakuambiwa hivyo. Wakaulizwa: apandishwe mbele ya watoto wengine ambao waliwekwa mbele yake kwa sababu za haki? Katika kundi lililotakiwa kumtazama kwa utulivu, takriban theluthi walikubali. Katika kundi lililohimizwa kufikiria anavyojisikia moyoni, walikubali karibu robo tatu. Moyo ulimwendea aliyekuwa na jina na sauti. Waliorudishwa nyuma hawakuwa na jina wala sauti, kwa hiyo hawakumuuma mtu. Niliposoma jaribio lile niliufikiria mstari wa tatu wa ile barua, nikafunga kompyuta.

Abraham Lincoln, rais wa Marekani, alizionja huruma zote mbili, inayolipiwa na wengine na inayolipiwa na mwenyewe. Katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani alijulikana kwa kuwapunguzia adhabu askari waliohukumiwa kufa kwa kulala lindoni au kutoroka. Makamanda wake walinung'unika kwamba nidhamu inabomoka, na manung'uniko yao hayakuwa ya kijinga hata kidogo: anayelala lindoni ameweka rehani roho za wote waliolala mahemani. Kisha likaja la mwaka 1862. Baada ya vita kati ya Wadakota, wenyeji wa asili, na walowezi huko jimboni Minnesota, tume ya kijeshi iliwahukumu kifo wanaume 303, baadhi yao kwa kesi za dakika chache. Wananchi walitaka wote wanyongwe. Lincoln aliagiza majalada yaletwe, yakapitiwa moja moja, kwa lengo la kumtenga aliyepigana vitani na aliyeua raia. Tarehe 26 Desemba 1862 walinyongwa 38. Baadaye, alipoambiwa kwamba angewanyonga wengi zaidi angevuna kura nyingi zaidi Minnesota, inasimuliwa alijibu kuwa hawezi kunyonga watu kwa ajili ya kura.

Sitaki kumvika kilemba. Wale 38 waliondoka duniani kwa kesi ambazo wakili wa leo angezichana asubuhi moja, na mwaka uliofuata Wadakota walifukuzwa Minnesota. Ila katika kisa hiki huruma ilionekana ikifanya kazi ya ofisini, kuketi na kusoma jalada la mtu usiyemjua na usiyempenda. Na gharama ya kura ilimrudia mwenyewe.

Mfano unaonikaa zaidi ni wa Ernest Shackleton, kiongozi wa msafara wa Antaktika. Oktoba 1915 meli yake, Endurance, ilibanwa na barafu ya Antaktika hadi ikabidi waihame, watu 28 juu ya barafu inayoelea. Mifuko ya kulalia ya manyoya, yenye joto, haikuwatosha wote; wengine wangelala kwenye ya sufu. Ikapigwa kura ya bahati nasibu. Baharia mmoja aliandika baadaye kwamba kura ile ilikuwa na mchezo ndani yake, maana Shackleton, nahodha na maofisa wengine walipata ya sufu, na ya manyoya yote ikawaangukia wadogo wao. Watu hao 28 walitoka hai. Kuna sababu nyingi za hilo, bahati ikiwemo, lakini ukitaka kujua kwa nini walimfuata, anzia kwenye mifuko.

Mtu huyohuyo, karibu siku zilezile, aliamuru paka wa seremala Harry McNish apigwe risasi, kwa kuwa chakula hakikutosha. McNish hakusamehe. Wiki chache baadaye aligoma kuendelea kuvuta mashua juu ya barafu, akatulizwa kwa vitisho. Halafu ni mikono yake iliyoirekebisha mashua ndogo waliyovukia bahari kiasi cha kilomita 1,300 kutafuta msaada. Waliporudi, Shackleton alimnyima pendekezo la medali waliyopewa karibu wenzao wote. Kuhusu paka namwelewa. Kuhusu medali simwelewi mpaka leo. Barafu haikuwepo tena, njaa haikuwepo, na asingepungukiwa na kitu.

Najua pingamizi litakalonijia: ukisema kiongozi alipe mwenyewe, atalipa mpaka lini? Ni pingamizi la haki. Jacinda Ardern, akiwa waziri mkuu wa New Zealand, alisifiwa duniani kote kwa namna alivyowafariji Waislamu wa Christchurch baada ya watu 51 kuuawa misikitini Machi 2019, na hakuishia kwenye faraja, kwani bunge lilibadilisha sheria ya bunduki ndani ya mwezi mmoja. Januari 2023 alitangaza kujiuzulu, akisema hana tena nguvu za kutosha kuitendea kazi hiyo haki. Siasa yake ilikuwa na mengi mengine, nisiibebeshe huruma peke yake. Watafiti wa ubongo nao hutenganisha kuumia pamoja na mtu, kunakochosha haraka, na kumtakia nafuu na kushughulika, kunakoweza kudumu. (Kujua tofauti hiyo hakutoshi: mmoja wa watafiti mashuhuri wa huruma aliacha ukurugenzi wa taasisi yake mwaka 2018 baada ya wafanyakazi kulalamika kuwa aliwanyanyasa.)

Basi sidai kiongozi alipe yote. Nadai bili iwekwe mezani, watakaoibeba waione kabla haijawafikia, na jina la kiongozi liwemo.

Mwaka uliofuata mwenzetu mwingine alipata mtoto njiti, akahitaji wiki sita bila usiku. Safari hii nilimwomba ruhusa ya kuwaeleza wenzake, nikawaita, nikaandika ubaoni: zamu 12. Nani anaweza ngapi? Mmoja alisema hawezi hata moja, akatoa sababu yake, tukaikubali. Wengine waligawana nane. Nne nikazichukua mimi.

Kwenye zamu ya kwanza, saa tisa usiku, nilijaribu kuandika taarifa ya makabidhiano nikajikuta nimerudia sentensi moja mara mbili na tarehe nimeikosea. Macho yalikuwa yananiwasha. Yule wa mistari minne aliandika taarifa kama hizo miezi minne, nami asubuhi, nimelala nikashiba usingizi, nilikuwa namrudishia zikiwa na kalamu nyekundu.