Saratani ya ovari: tupige seli yenyewe au majirani zake?

Mama akianza kujaa maji tumboni hapa Bukavu, saratani huja mwisho kabisa katika mawazo ya familia. Wengine watasema ni karuho, yaani sumu ya kulishwa, wengine ini. Hata daktari anaweza kushuku kifua kikuu cha tumbo, kwa kuwa dalili zake zinafanana mno na za saratani ya ovari, kifuko cha mayai ya uzazi. Maji yanatolewa kwa sindano, mama anapata kupumua, ndoo inamwagwa. Inanisikitisha kila nikifikiria kilichokuwa ndani ya ndoo ile.

Kama ni saratani, mle mna jamii nzima: seli za saratani zilizoshikana vibonge, seli T za kinga, makrofaji, hata faibroblasti, seli zinazojenga tishu. Wanasayansi wanabishana ni nani kati ya hao anayebeba lawama kubwa ugonjwa unaporudi baada ya kimio, yaani tiba ya dawa za kuua seli za saratani.

Wapo wanaosema ifuatwe seli ya saratani yenyewe. Mwaka 1976 Peter Nowell alieleza kwamba uvimbe hukua kama ukoo unaobadilika kizazi hadi kizazi, na wenye nguvu ndio wanaosalia. Katika aina ya saratani ya ovari inayoua wengi zaidi, jeni ya TP53 imeharibika karibu kwa kila mgonjwa. Kuanzia hapo koo za seli zinaachana, hata seli za kwenye ovari zisilingane na zile zilizohamia kwenye utando wa mafuta unaofunika utumbo. Kaboplatini, dawa ya kimio, inaua zilizo dhaifu, zilizobaki zinazaana. Hoja yao nzito zaidi ni hii: kwa baadhi ya wanawake waliorithi hitilafu ya jeni ya BRCA1 au BRCA2, uvimbe hutii dawa mwanzoni, kisha seli chache huirekebisha jeni hiyo na dawa inashindwa. Hapo huhitaji jirani kueleza lolote.

Wengine, wanaolaumu majirani, wanarudi kwa Stephen Paget, daktari wa Uingereza aliyeandika mwaka 1889 kwamba mbegu haioti bila udongo wake, yaani seli ya saratani haikui bila mahali panapoifaa. Mwaka 2011 watafiti wa Chicago walionyesha kuwa seli za mafuta za utando ule huzipa seli za saratani asidi za mafuta za kukulia. Makrofaji nazo, ambazo kazi yake ni kulinda mwili, hutoa kemikali zinazozubaisha seli T. Na zile seli T si jambo dogo: katika utafiti wa mwaka 2003 uliohusu wagonjwa 186, waliokuwa nazo ndani ya uvimbe, asilimia 38 walikuwa hai baada ya miaka 5, wasiokuwa nazo, asilimia 4.5.

Watetezi wa majirani wanapwaya wakifika kwenye dawa. Bevasizumabu, inayozuia mishipa mipya ya damu, huchelewesha ugonjwa kurudi, ila katika majaribio makubwa haikurefusha maisha ya wagonjwa kwa jumla. Dawa za kuamsha kinga zilizobadilisha tiba ya melanoma, aina ya saratani ya ngozi, zimewafaa wachache tu wenye saratani ya ovari. Kaboplatini na paklitakseli, zinazopiga seli inayogawanyika popote ilipo, bado ndizo nguzo.

Pamoja na hayo, mimi naegemea kwa majirani, kwa sababu ya utafiti wa Vancouver wa mwaka 2018: pale seli T zilipopenya katikati ya seli za saratani, aina za koo zilikuwa chache. Kinga inaonekana kuchangia kuamua ukoo upi ubaki. Ikiwa ndivyo, kuzitenga pande hizi mbili ni kosa, na kipande kimoja kilichokatwa mahali pamoja hakiwezi kusema habari za tumbo zima.

Wala hatuhitaji kungoja mashine za kusoma jeni. Maji yakitolewa, sehemu yake ipelekwe maabara siku hiyohiyo, seli zitenganishwe, zipakwe rangi, zitazamwe kwa darubini. Jibu la kwamba saratani haikuonekana halitoshi, maana seli hizo hazinaswi kila mara. Zikionekana, mama ataepushwa miezi ya kuzungushwa kati ya dawa za ini na za kifua kikuu. Na akipasuliwa, kipande cha ovari na cha utando wa mafuta vipelekwe vyote viwili, kila kimoja katika chupa yake, kimeandikwa kilikotoka.