Siku ya Mwisho Istanbul Si ya Kumalizia Orodha

"Siku ya mwisho haihesabiwi." Maneno haya nimeyasikia tena wiki hii, kwa mtu anayepanga kwenda Istanbul na marafiki zake, na yameniudhi sana. Alinionyesha ratiba. Kila siku imejaa kuanzia asubuhi mpaka usiku, halafu siku ya kuondoka kaandika: manunuzi na yaliyobaki. Ndege yao ni ya usiku! Yaani siku nzima ya watu wazima waliohangaika miezi kadhaa kupata likizo kwa wakati mmoja, imegeuzwa makombo ya sahani.

Mimi naamini siku hiyo ndiyo kiini cha safari, na naamini hivyo kwa dhati kabisa.

Fikiria siku za mwanzo zinavyokwenda. Unaamka na kazi ya kufanya. Hagia Sophia lazima, kanisa la kale ambalo sasa ni msikiti, jengo limesimama pale tangu mwaka 537, na tangu Januari 2024 mtalii wa kigeni ana mlango wake, analipa euro 25 na kupandishwa ghorofani. Topkapı, kasri la masultani, lazima, ila Jumanne wanafunga. Mnara wa Galata una foleni. Sikatai, vitu hivi ni vya kuonwa, na anayesafiri umbali wote ule asivione atajuta. Lakini sikilizeni mnachozungumza mkiwa kwenye foleni hizo. Nani ana kadi ya usafiri? Nani viatu vinambana? Tunakula wapi, na choo kiko wapi? Mko marafiki wa miaka mingi na mnaongea kama kamati ya maandalizi.

Siku ya mwisho kamati imevunjwa. Hakuna tena cha kuwahi isipokuwa ndege, na ndege ni usiku. Ndipo ninaposema: msiende mahali papya. Rudini mahali mlipopapenda.

Najua hili linawakera wengi. "Nimelipa nauli yote hiyo, nirudi pale pale?" Ndiyo, pale pale. Mara ya kwanza unatazama kile ulichoambiwa utazame. Mimi na marafiki zangu tulipoingia msikiti wa Süleymaniye mara ya kwanza tulifanya kama kila mgeni: viatu mkononi, shingo juu, macho kwenye kuba, picha, tukatoka. Msikiti ulikamilika 1557, aliyeujenga ni Sinan, tukaelezwa, tukaitikia, tukakimbilia pengine.

Asubuhi ya kuondoka tuliacha mabegi mapokezi hotelini, tukarudi. Hatukuwa na haraka, kwa hiyo tulizunguka nje ya ukuta, upande ambao makundi ya watalii hayapiti. Pale pembeni, njia mbili zinapokutana, kuna kijiwanja cha pembetatu chenye kaburi. Ni la Sinan mwenyewe, aliyefariki 1588. Sultan Süleyman, aliyeuagiza msikiti, amezikwa ndani, nyuma ya msikiti, kwenye jengo la fahari. Fundi aliyewajengea masultani watatu misikiti, madaraja na mifereji ya maji yuko nje, barabarani, nyuma ya dirisha lenye vyuma, na mtu anaweza kupita hapo akidhani ni bustani ya jirani.

Mmoja wetu ni mhandisi wa majengo. Alishika vile vyuma vya dirisha akasimama muda mrefu. Kisha akaanza kutuhadithia, bila kuulizwa, kuhusu ghorofa ya kwanza aliyoisimamia peke yake. Siku walipomwaga zege la sakafu ya juu alirudi nyumbani, akajilaza, usingizi ukakataa, na usiku ule ule akarudi saiti na tochi kuzimulika nguzo moja baada ya nyingine, akizigusa kwa kiganja, akimwomba Mungu zisipasuke. Miaka yote ya urafiki wetu hakuwahi kulisema hilo. Tumewahi kula naye, kulala chumba kimoja naye, kumzika baba yake pamoja naye. Tukalisikia mbele ya kaburi la fundi wa Kiosmani, kwa sababu tu hapakuwa na mtu wa kusema "twendeni, tunachelewa".

Hiki ndicho ninachokitetea. Urafiki wa ukubwani unaishi kwa ujumbe wa simu na salamu za sikukuu. Mkipata kukaa pamoja, muda wenyewe unaliwa na mipango. Saa ambazo hazina mpango ni adimu kuliko pesa, na safari inawapa siku nzima ya namna hiyo bure, mwishoni, wakati mmeshazoeana tena na mmeshamaliza kuchokozana kuhusu nani anakoroma. Kuichukua siku hiyo na kuijaza maduka ni kuwanyima wenzako kitu ambacho hawatakipata tena mpaka sijui lini.

Baada ya hapo tuliteremka gatini Eminönü kupanda feri ya Kadıköy, mtaa ulio upande wa Asia. Kuna treni ya Marmaray inayopita chini ya bahari tangu 2013, nayo inakuvusha kutoka Ulaya kwenda Asia kwa dakika chache. Kwa anayekwenda kazini ni neema. Kwa siku ya mwisho, chukueni feri. Kaeni nje, kwenye benchi za mbao, upande wa kulia mkitaka kuiona Topkapı ikipita, upande wa kushoto mkitaka Kız Kulesi, ule mnara ulio peke yake juu ya kisiwa kidogo mbele ya Üsküdar. Mhudumu anapita na sinia la chai ya rangi kwenye vigilasi vyembamba kiunoni, vya moto kiasi kwamba unashika ukingo kwa ncha za vidole. Watu wanawarushia shakwe vipande vya simit, mkate wa mviringo wenye ufuta, na shakwe wanavidaka hewani sambamba na bega lako. Karibu na kufika unaliona jengo la stesheni ya Haydarpaşa, limekamilika 1908, limesimama majini kabisa, na treni zikaacha kufika hapo 2013. Feri hiyo tulikuwa tumeshaipanda kabla, tukiwa wote tumeinamia simu kutafuta mgahawa. Safari hii hakuna aliyetoa simu mfukoni, na nilikuwa kama naipanda kwa mara ya kwanza.

Kadıköy tulitembea hadi mtaa wa Moda, tukakaa kwenye mawe ya ufukweni pamoja na wenyeji na paka zao. Hatukufanya kitu. Tuliongea, tukanyamaza, tukaongea tena.

Sasa, zawadi. Haya, nakubali, mtu hawezi kurudi mikono mitupu, na wapo watakaokununia mwaka mzima. Basi zinunue katikati ya safari. Rafiki yangu mwingine, wa kundi jingine kabisa, aliweka manunuzi yote Soko Kuu, Kapalıçarşı, siku ya mwisho. Siku ya mwisho ilikuwa Jumapili. Soko lile lina maduka kama 4,000 na Jumapili milango yake yote inafungwa. Kundi zima lilizunguka mitaa ya jirani kwa hasira, likinunua vitu ambavyo hakuna aliyevitaka, na wawili walifika uwanja wa ndege hawasemezani. Hiyo ndiyo kumbukumbu yao ya mwisho ya Istanbul.

Mahesabu ya nani alimlipia nani yafungwe usiku wa kabla. Msiniambie mtayamaliza ndani ya ndege.

Na mwenye kutaka kutembea peke yake saa mbili tatu aachwe atembee. Kupendana si kufungwa kamba.

Kuna wanaonijibu kwamba siku ya mwisho haina raha kwa sababu ya wasiwasi wa ndege. Wasiwasi huo nauheshimu, lakini dawa yake ni kujipanga mapema, wala si lazima muuache mji tangu asubuhi. Angalieni tiketi inasema uwanja upi wa ndege, IST au SAW. IST uko upande wa Ulaya, kaskazini kabisa karibu na Bahari Nyeusi, zaidi ya kilomita 30 kutoka katikati ya mji. SAW uko upande wa Asia. Mkiondokea SAW na mmechagua kumalizia Kadıköy, mnayo bahati, kwa sababu tangu 2022 metro ya M4 inatoka hapo hapo mpaka uwanjani, kwa hiyo vuka na mabegi yako asubuhi, yahifadhi upande huo huo, ukae Moda ukiwa na amani. Mkiondokea IST, wekeni saa ya kurudi hotelini, mmoja apewe kazi ya kuiangalia, na wengine wote waisahau. Foleni za magari jioni ni mbaya, hivyo saa hiyo iwe ya mapema kuliko mnavyodhani.

Na kama ndege yenu ni ya alfajiri, basi siku ya mwisho ni ile inayotangulia. Futeni kila kilichoandikwa humo.