Udongo wa Great Zimbabwe na chumvi ya Uvinza

Msafiri wa Kigoma anayekwenda Afrika Kusini kwa barabara ya Harare hupita Masvingo, na magofu ya Great Zimbabwe, mji wa kale wa mawe, hayako mbali na hapo, kilomita zipatazo 30 tu. Namshauri ashuke. Ukuta wa Boma Kuu una mzunguko wa meta 250 hivi na kimo kinachofika meta 11, nao umejengwa kwa mawe ya itale yaliyopangwa bila tope wala chokaa. Kila mgeni hupiga picha hapo (nami nilipiga), lakini kwa maoni yangu somo kubwa la mahali pale limo katika udongo ambao haupo tena.

Karl Mauch, mpelelezi Mjerumani, alipofika mwaka 1871 aliyahusisha majengo hayo na Malkia wa Sheba, na walowezi wa Kizungu wakaipenda hadithi hiyo kwa kuwa iliwanyima Waafrika sifa ya ujenzi. Richard Hall, aliyekabidhiwa utunzaji wa magofu mwaka 1902, aliyaona mabaki ya makazi ya Waafrika kuwa takataka, akayachimbua na kuyatupa. Sehemu alizoziacha zilimtosha mwanaakiolojia David Randall-MacIver, mwaka 1905, kuonyesha kwamba wajenzi walikuwa Waafrika, na mwanaakiolojia mwenzake Gertrude Caton-Thompson akalithibitisha hilo mwaka 1929. Baadaye sana ilipatikana pale sarafu ya Kilwa ya karne ya 14, ushahidi wa biashara iliyofika hadi pwani yetu. Ni vitu vidogo vingapi vya namna hiyo vilivyokwenda na koleo la Hall?

Swali hilo linatuhusu. Mgeni akija kwetu Kigoma, sisi humpeleka Ujiji kwanza, walikokutana Stanley na Livingstone mwaka uleule wa 1871, ilhali Uvinza, ambako uchimbaji wa miaka ya 1960 ulionyesha kwamba watu walichemsha maji ya chemchemi za chumvi zaidi ya miaka elfu moja iliyopita, hatumtajii. Nakubali kwamba Uvinza hakuna ukuta wa kupigia picha. Kuna vigae vya vyungu, majivu na mabaki ya meko. Ushahidi wa namna hiyo huharibiwa na mtu yeyote anayechimba msingi wa nyumba au shimo la choo, wala hahitaji nia mbaya. Ningependa halmashauri iweke mipaka inayoonekana kandokando ya chemchemi zile, na kabla ya kibali chochote cha ujenzi, wanaakiolojia wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam waitwe kuutazama udongo.