Kabla hakijameza kifurushi, king'amuzi kiulize

Mama alinipigia simu Jumapili, saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Nikamwamkia, akaitikia marahaba kwa sauti ya chini, kisha akanyamaza. Mzazi wa umri wake akikupigia alfajiri halafu akanyamaza, moyo unaanza kuwapitia ndugu mmoja mmoja. Hatimaye akasema: "Mwanangu, unisamehe. Nadhani kile kitu chako nimekiharibu."

Hakuwa ameharibu chochote. Siku moja kabla nilikuwa nimemwekea kifurushi cha GB 10 kwenye rauta yake ndogo ya laini, nikamwambia kitamfikisha mwisho wa mwezi. Usiku ule aliangalia kwaya kwa saa moja, akazima TV kwa rimoti, akaenda kulala. Alfajiri akawasha ili asikilize nyimbo mbili tatu kabla ya kwenda kanisani, akakuta skrini imemwandikia kwamba hakuna intaneti. Akakaa na maandishi yale tangu saa kumi na moja mpaka kulipokucha, anaogopa kunipigia, kwa sababu anajua kile king'amuzi, kisanduku kinachoiletea TV yake video za intaneti, nilikinunua kwa jasho.

Neno "unisamehe" ndilo lililonikalisha niandike. Mama yangu ametusomesha kwa cherehani. Kuomba radhi ovyo si tabia yake, na siku zote ni sisi tunaomwomba yeye. Sasa anaomba msamaha kwa kosa ambalo si lake, na ukimuuliza ni kosa gani hasa, hajui alitaje vipi.

Wiki iliyofuata nikapanda basi la Tanga, nikashuka Muheza anakoishi, nikakaa sakafuni mbele ya TV mpaka nikaelewa kilichotokea.

Alizima TV. King'amuzi hakuzima, kwa kuwa kina rimoti yake nyingine, na hakuna aliyemwambia kwamba ni vitu viwili. Waya wa HDMI umeviunganisha, lakini kila kimoja kina moyo wake. Skrini ikawa nyeusi, chumba kikawa kimya, na nyuma ya ule weusi kwaya ikaendelea kuimba: wimbo ukiisha, unaletwa mwingine wenyewe. Programu ile ya video, YouTube, imeeleza kwenye ukurasa wake wa msaada kwamba, mtu asipogusa kitu, mfululizo husimama baada ya dakika 30 ikiwa yuko kwenye mtandao wa simu, na baada ya saa 4 ikiwa yuko kwenye Wi-Fi.

Soma tena hapo. Dakika 30 kwa mtandao wa simu. Saa 4 kwa Wi-Fi.

Rauta ya mama inatumia laini ya simu. Kila baiti inayopita pale imelipiwa kama inavyolipiwa ya simu yake ya mkononi. Ila kutoka kwenye rauta hadi kwenye king'amuzi inasafiri kwa Wi-Fi, kwa hiyo king'amuzi kikajihesabu kiko nyumba ambayo intaneti haina mwisho. Video ya 1080p, yaani picha yenye mistari 1,080, huhitaji kama megabiti 5 kwa sekunde. Zidisha kwa sekunde 3,600, ni megabiti 18,000. Gawanya kwa 8 upate megabaiti, ni MB 2,250. Zaidi ya GB 2 kila saa inayopita. Saa moja aliyoangalia mama kwa macho yake, na saa nne zilizoimbia giza: GB 11 na ushee. Kifurushi kilikuwa cha GB 10.

Na TV yenyewe ni ya inchi 32, ya zamani kidogo, yenye mistari 768 tu. Haina uwezo wa kuionesha 1080p hata ukiiomba. Tumelipia picha ambayo kioo hakiwezi kuionesha, ikachezwa kwa saa nne kwa mtu aliyelala.

Ujumbe wa onyo ulikuja, tena mara mbili: kwanza kwamba asilimia 75 ya kifurushi imetumika, kisha kwamba kimekwisha. Niliukuta nilipofungua ukurasa wa rauta kwenye simu yangu. Ulitumwa kwenye laini iliyo ndani ya rauta, na rauta haina skrini wala haina mdomo. Mtandao ulimwonya mama yangu kwa kunong'oneza ndani ya kisanduku cha plastiki kilicho juu ya kabati.

Nataka wanaotengeneza ving'amuzi, wanaoviingiza nchini na wanaoviuza pale dukani waelewe jambo moja, nami nitalisema kwa urefu kwa kuwa sijaona likisemwa. Kwa mama yangu, na kwa mamilioni ya wenzake, TV ni kitu kinachowashwa asubuhi na kuzimwa usiku, na gharama yake haibadiliki. Unalipa umeme wa LUKU, unalipa king'amuzi cha mwezi kama unalipia, basi. Ukiiangalia saa moja au saa kumi, ni ileile. Na hajakosea: ndivyo matangazo ya antena yalivyo. Mnara unarusha wimbi moja, linaingia nyumba zote, na nyumba ya mia haiipunguzii kitu ya kwanza. Ni kama mvua. Ukikinga utakinga, usipokinga itaendelea kunyesha, hakuna anayekudai.

Tulipozima matangazo ya TV ya analojia Tanzania, kuanzia Dar es Salaam usiku wa tarehe 31 Desemba 2012 na miji mingine ikafuata kwa zamu, sheria hiyo haikubadilika. Tulinung'unika, tukanunua ving'amuzi, tukajifunza neno lenyewe "king'amuzi". Tulianza zaidi ya miaka miwili kabla ya tarehe ya mwisho ya kimataifa, 17 Juni 2015. Lakini hata dijitali ya antena ilibaki mvua. Watu wakazoea kwamba kile kisanduku chini ya TV hakidai kwa saa.

Leo kisanduku hichohicho, kwa umbo lilelile na rimoti inayofanana, kikiunganishwa na Wi-Fi kinaacha kukinga mvua na kuanza kuchota kisimani, ndoo kwa ndoo, kwa pesa ya mwenye nyumba. Mabadiliko makubwa namna hiyo yanafanyika kwa kubonyeza "Unganisha", na hakuna sentensi hata moja inayojitokeza kuyasema. Fundi akiunganisha, anaona kialama cha Wi-Fi kimejaa, anasema "tayari, mama", anaondoka. Mimi nilikuwa fundi wa mama yangu. Nilisema "tayari, mama", nikaondoka.

Ninachodai ni kidogo. Siku ya kwanza king'amuzi kinapoingia kwenye Wi-Fi, kiulize, kwa Kiswahili, kwa herufi kubwa: intaneti hii ni ya kifurushi au haina kikomo? Jibu likiwa ni kifurushi, kishushe picha hadi 480p (mistari 480), kizime mfululizo unaojicheza, kisipakue masasisho bila ruhusa, na kila saa kiandike pembeni ya skrini kimetumia kiasi gani. TV ikizimwa na hakuna anayegusa rimoti, nacho kinyamaze.

Msiniambie haiwezekani. Mwaka 2019 Google ilitangaza kwa Android TV, mfumo wake wa kuendesha TV na ving'amuzi, kwa kuanzia India, hali ya kubana data, tahadhari za matumizi na mwongozo wa kuunganisha TV na hotspoti ya simu, kwa sababu waliona watu wengi kule wanaangalia TV kwa data ya simu. Kwa hiyo tatizo lilishatambuliwa na dawa ilishachanganywa. Tena kuna lililo dogo zaidi: simu ya Android inaporusha hotspoti, wakati wa kukipa kifaa anwani ya mtandao hukipelekea pia alama ya kwamba mtandao huu unapimwa, na kifaa kingine cha Android kikiiona kinajua kubana. Alama moja fupi. Rauta ya mama haikuituma, na king'amuzi hakikuuliza. Neno moja kati ya vifaa viwili vilivyo umbali wa hatua tatu lingeokoa sehemu kubwa ya zile GB 10.

Nakubali kwamba kwa mwenye faiba ya malipo ya mwezi haya yote hayamhusu, na faiba inasambaa. Nakubali pia kwamba 1080p kwenye TV kubwa inapendeza, na anayeitaka aipate. Lakini mtu wa faiba akiulizwa swali moja siku ya kwanza anapoteza sekunde tatu. Mama asipoulizwa anapoteza mwezi. Sioni ugumu wa kuchagua hapo.

Kuna na mengine yanayoudhi kwenye kuunganisha ving'amuzi. Masafa: vingi vya bei nafuu vinaona 2.4 GHz peke yake, kwa hiyo rauta ikirusha 5 GHz tu, jina la Wi-Fi halitokezi kabisa na watu wanarudisha kifaa kizima dukani. Tarehe: umeme ukikatika, baadhi huamka na mwaka wa zamani kabisa, Wi-Fi inashika ila programu zinagoma, kwa sababu vyeti vya usalama vinakaguliwa kwa tarehe, irekebishe saa kwanza kabla hujamwita mtu. Neno la siri la herufi 16 kwa vishale vya rimoti ni adhabu kwa mtu mwenye macho ya miaka 70. Na vile vya antena visivyo na Wi-Fi ndani, ambavyo unavichomekea kifaa cha USB, vinachagua chipu: RT5370 na MT7601 ndizo ambazo vingi vinazijua, nyingine itawaka taa na isifanye kazi. Muuzaji anayekuuzia bila kuuliza una king'amuzi gani hakutendei haki.

La usalama nitalitaja, ingawa linastahili makala yake. Mwezi Juni 2025 FBI ya Marekani ilitoa tahadhari kuhusu BADBOX 2.0, mtandao wa vifaa vya nyumbani vilivyoambukizwa, vikiwemo visanduku vya TV vya Android vya bei rahisi, baadhi vikiwa vimetoka kiwandani na virusi tayari. Kisanduku cha namna hiyo kikiingia kwenye Wi-Fi yako, watu wa mbali wanapitisha mambo yao kwa jina la nyumba yako, na kwa kifurushi chako. Ukiona kifaa kinakuomba uzime Play Protect, ulinzi wa Google dhidi ya programu hatari, ili kifanye kazi, kirudishe.

Turudi Muheza. Nilikaa siku mbili. Nilizima mfululizo, nikazima masasisho ya yenyewe, nikashusha picha hadi 480p (kwenye TV ile hutaona tofauti ukiwa umekaa kwenye kochi), na kwenye ukurasa wa rauta nikaweka kikomo cha matumizi ili ikifika hapo isimame badala ya kumaliza yote. Kisha TV na king'amuzi nikavichomeka kwenye ekstensheni moja yenye swichi, na swichi nikaiweka mahali anapofika bila kuinama. Usiku anazima swichi ile, basi. Hakuna kinachoimba gizani.

Kazi kubwa ilikuwa ni kumwondolea ile hatia. Nilimwonesha hesabu kwenye daftari lake la vipimo vya nguo, saa kwa saa, ndoo kwa ndoo. Ameshona miaka arobaini, hesabu ya kitambaa anaijua kuliko mimi, na mtu anayejua mita tatu zinatoa nini hahitaji kuelezwa mara mbili. Alisikiliza, akavua miwani, akauliza: "Kwa hiyo nilipozima, chenyewe kilikuwa macho?"

Nikamwambia ndiyo, mama, kilikuwa macho.

"Na hakikusema?"

Hakikusema.

Akaguna, akarudisha miwani, akaandika pembeni ya ile hesabu, kwa mwandiko wake wa kulala: *saa 1 = robo tatu ya GB*. Hicho ndicho kiwango cha juu nilichomkadiria kwa 480p. Tangu hapo kila Jumamosi anachora kijimstari kwa kila saa ya kwaya. Taarifa ya habari ya saa mbili usiku anaiangalia kwa antena, kama zamani, na hiyo haiandiki.