"Sijambo" Si Ripoti ya Daktari

Juzi nimeonyeshwa barua ambayo kampuni moja ya bima imemwandikia kaka yangu, na neno moja ndani yake limeninyima usingizi. Jeraha lake la ubongo, inasema barua hiyo, lilikuwa "dogo" kwa mujibu wa kumbukumbu za hospitali, kwa hiyo hawaoni kwa nini miezi minane baada ya ajali ashindwe kufanya kazi. Laiti aliyeiandika angeketi naye jioni moja, akamwona akisoma ukurasa uleule wa gazeti kwa mara ya tatu kwa sababu akifika mwisho amekwisha kusahau mwanzo, tena amevaa miwani ya jua sebuleni kwa kuwa taa inamwumiza kichwa.

Neno hilo lina asili yake. Mwaka 1974 Graham Teasdale na Bryan Jennett wa Chuo Kikuu cha Glasgow walitunga kipimo cha fahamu kinachotazama macho, maneno na mwitikio wa viungo, chenye alama kuanzia 3 hadi 15, na mwenye 13 kwenda juu huandikwa kuwa jeraha lake ni dogo. Kipimo ni kizuri, sikatai. Lakini kinaeleza hali ya mgonjwa anapopimwa, wala hakisemi kama ataweza tena kufunga hesabu za mwezi. Kaka alipata 15 kamili. Picha ya CT, yaani ya eksirei inayounganishwa na kompyuta, nayo ilitoka safi, jambo la kawaida katika mtikisiko wa ubongo, kwa kuwa picha hiyo huonyesha damu na mfupa uliovunjika, lakini nyuzi za neva zilizovutika mara nyingi haizioni.

Hata kuzirai si sharti ili ubongo uwe umeumia, ingawa bado naambiwa "si alisimama mwenyewe?", kana kwamba kusimama ni cheti. Machi 2009 mwigizaji Natasha Richardson alianguka akicheza mchezo wa kuteleza kwenye theluji nchini Kanada, akasema yu salama. Damu ikajikusanya chini ya fuvu, na siku mbili baadaye akafariki. Kutapika tena na tena, kichwa kinachozidi kuuma, degedege, mboni moja kuwa kubwa kuliko nyingine, usingizi wa kuamshwa kwa shida: hayo hayangoji kupambazuke. Kwa wazee na wanaotumia dawa za kuzuia damu kuganda, dalili huweza kuchelewa hata wiki kadhaa.

Lakini hasira yangu kubwa ni juu yetu sisi nduguze, tuliomwacha aende kliniki peke yake. Katika lugha yetu hii, hata anayekata roho akiulizwa "hujambo?" atajibu "sijambo", na jibu hilo la adabu ndilo lililoingia katika faili lake mara tatu, na ndilo barua ya bima inalolinukuu. Ubongo ulioumia ndio huohuo tunaoutaka ujieleze! Asiyejua kwamba amesahau atalalamikaje kwamba anasahau?

Wiki ya tatu baada ya ajali alikuja kijana mmoja mpole mno, na karatasi ya malipo ya "kulimaliza jambo hili", na kaka alikuwa amekwisha kushika kalamu shemeji alipoichukua karatasi. Sahihi ya namna hiyo mara nyingi hufunga mlango wa madai ya baadaye, na sheria nazo zina ukomo wa muda wa kufungua shauri. Wakili tulimtafuta tumechelewa, ila si kupita kiasi. Wapo wanaojifanya wagonjwa ili walipwe, na sina haja ya kuwatetea.

Wakili hakuanza na picha wala alama. Aliomba daftari ambalo shemeji, bila kuagizwa na mtu, alikuwa akiandika kila usiku, akalifungua katikati na kusoma kwa sauti: "Tarehe 9. Ameniuliza mara nne kama mtoto amerudi shule. Mtoto alikuwa ameketi karibu naye."